Miaka Yangu ya Kutunza Sinagogi, na Walimu Niliowakuta Humo

Riziki haichagui mlango. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa, niliyelelewa kwa adhana na chuo cha Qurani, lakini kwa zaidi ya muongo mmoja sasa unga wa nyumbani kwangu unatoka sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, kwenye kitongoji kimoja cha Boston, Marekani. Mimi ndiye mtunza jengo. Nafungua milango, nawasha mtambo wa joto, napanga viti, naziba mabomba yanayovuja, naondoa theluji. Jina la sinagogi nitaliacha, maana wenyewe hawakunituma niwasemee.

Watu wa nyumbani wakisikia ninapofanya kazi huanza na siasa, na hilo nitaligusa mbele. Swali nililolipenda ni la mjomba wangu kwenye simu: "Hebu niambie, hao mashehe wao wakoje?" Nilimjibu kwamba niliowakuta si wasuluhishi kati ya mtu na Mungu. Ni walimu walioajiriwa kwa mkataba, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kuwafanya watu waweze kufanya mambo bila wao. Mjomba akaniuliza kama kuna mtu anayelipwa ajifute kazi mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nimewaona.

Ilianza kunidhihirikia kwenye sala ya asubuhi. Siku za kazi, watu wakiwa bado hawajaenda makazini, kikundi kidogo hukusanyika kwenye chumba cha chini. Wanatakiwa watu wazima kumi wa Kiyahudi. Wasipotimia, baadhi ya sehemu za sala huachwa, ikiwemo Kadishi, ile wanayoisoma wafiwa, na aliyefiwa na mzazi huisoma kwa miezi 11. Awepo rabi mkuu, yaani mwalimu na kiongozi wao wa dini, na rabi msaidizi na hazani, mwimbishaji wa sala, tisa ni tisa. Wana msemo wao wa zamani kwamba marabi tisa hawatoshi, washona viatu kumi wanatosha. Asubuhi moja ya Februari, theluji imefika magotini, walikuwa tisa, nami nimesimama mlangoni na beleshi langu. Mzee mmoja aliyekuwa katika matanga ya mkewe akanitazama kwa tamaa. "Ndugu yangu, ungekuwa wetu ungetumalizia shida." Nikamwambia shida zangu zinanitosha. Rabi akacheka, akachukua simu, akaanza kuwaamsha majirani.

Na anayeongoza sala hiyo mara nyingi si rabi. Wetu ni daktari wa meno, siku nyingine ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwanamke mfupi anayesoma kwa kasi ya treni. Rabi hukaa nyuma kama waumini wengine. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Baadaye nikagundua kwamba yule mwanamke alikuja pale hajui herufi hata moja ya Kiebrania, akafundishwa akiwa na zaidi ya miaka 60, na kwamba rabi kukaa kimya nyuma yake ndiko kulikokuwa kufundisha kwenyewe. Isitoshe, yeye kuhesabiwa ni jambo lisilo la zamani sana. Katika mkondo wao, ule uitwao Conservative, uamuzi wa kuwahesabu wanawake katika wale kumi ulitolewa mwaka 1973, na mwanamke wa kwanza wa mkondo huo kupewa urabi, Amy Eilberg, aliupata mwaka 1985. Rabi wetu ni mwanamke. Wapo Wayahudi mtaa wa pili ambao hawawezi kusali nyuma yake, naye huwasalimia vizuri sana wakikutana dukani.

Lakini aliyenifungua macho kabisa ni marehemu. Bibi mmoja aliyekuwa akiniletea supu siku za baridi alifariki, nami nikaenda kuzika. Nilitarajia mambo ya Kimarekani, maua na gari refu jeusi. Nikakuta jeneza la mbao tupu. Mwili ulikuwa umeoshwa na kuvishwa sanda nyeupe na wanawake wa jumuiya yenyewe, watu wa kujitolea ambao rabi huwafundisha kisha akawaachia. Kaburini, baada ya maneno mafupi, rabi alichukua beleshi, akaligeuza mgongo, akatupa udongo kidogo ili ionekane kwamba kazi hii haifanywi kwa pupa, halafu akalichomeka kwenye rundo la udongo na kurudi nyuma. Hakumpa mtu mkononi. Desturi yao ni kila mmoja alichukue mwenyewe, asimpokeze mwenziwe huzuni. Mtoto wa marehemu akaja, wajukuu, majirani. Nikaingia na mimi. Kwetu Mombasa hatuhitaji kufundishwa kumzika mtu kwa mikono yetu, lakini hawa wanaishi katika nchi ambayo mashine hufanya kazi hiyo baada ya wafiwa kuondoka. Huyo rabi alikuwa akishindana na mashine.

Sasa hazani. Huyu ndiye aongozaye sala za kuimba, na amesomea kazi hiyo miaka, si sauti tu. Wetu alikuwa mzee mpana mwenye sauti ya kutoka tumboni, na kwa kuwa sikuona jina jingine linalomfaa, nilimwita Maalim. Akalipenda. Watoto nao wakaanza kumwita hivyo, wakidhani ni Kiebrania.

Karibu kila mtoto wa pale hupita mikononi mwa Maalim kabla ya kutimiza miaka 13, umri ambao huanza kuhesabiwa mtu mzima katika ibada na kuitwa mbele kusoma Torati. Nilikuwa nikipita na mashine ya kusafishia zulia na kusimama mlangoni kusikiliza, maana ilinirudisha chuoni. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805, bila irabu wala alama za mahadhi. Aliyesoma Qurani yenye fataha, kasiri na dhumma ataelewa ugumu wake: fikiria umefutiwa zote, kisha uambiwe usome mbele ya watu 200, kwa mahadhi, bila kukosea. Mtoto hujifunza kwenye kitabu kilichopigwa chapa chenye alama zote, akahifadhi, kisha akahamia kwenye gombo tupu, akifuata mstari kwa kijiti cha fedha chenye kiganja kidogo mwishoni, kwa sababu ngozi haiguswi kwa kidole.

Wazazi wengi walimtaka Maalim arekodi sauti yake tu, mtoto aisikilize kwenye simu na kuikariri. Alikataa. Alisema rekodi itampa mtoto Jumamosi moja, alama zitampa Jumamosi zote. Alianza na kila mtoto alifu kwa ujiti, alama moja moja, mwezi mzima kabla ya kugusa aya. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeshindwa kutulia kitini. Maalim alimfundisha wakitembea kwenye korido, wakizunguka ndoo yangu ya kupigia deki. Mimi niliyefundishwa chini ya bakora nilikuwa nikitazama na kujiuliza nani kati ya walimu wangu wawili, yule wa Kibokoni na huyu wa korido, angemshangaa mwenziwe zaidi. Sitaki kudanganya kwamba huyu alikuwa bora kwa kila kitu. Chuoni kwetu, mtoto wa miaka kumi husoma mfululizo kama maji, ingawa maana haijui. Hapa mtoto wa miaka kumi atabishana nawe juu ya maana hadi uchoke, lakini mpe ukurasa asome, anakwama kwenye neno la tatu. Saa mbili za Jumapili na moja ya Jumatano hazimfundishi mtu kusoma. Maalim alilijua hilo, na lilimuuma.

Siku yenyewe ikifika, mwalimu haonekani. Mtoto husimama jukwaani, pembeni yake watu wawili wameshika vitabu vya kumsahihisha. Akikosea neno linalobadili maana, hurudishwa papo hapo, kwa sauti ya chini, na hakuna anayeguna. Maalim hukaa mstari wa tatu, midomo ikimcheza. Wasichana nao husoma vilevile. Msichana wa kwanza anayejulikana kufanyiwa hivyo Marekani, Judith Kaplan, aliitwa mbele New York tarehe 18 Machi 1922, babaye akiwa rabi Mordecai Kaplan, naye alisomea kitabu cha chapa, si gombo. Mkurugenzi wa elimu wa sinagogi yetu hupenda kuwakumbusha wasichana jambo hilo wanapolalamika kwamba gombo ni gumu.

Kuna sala moja ya Maalim ambayo niliisubiri kila mwaka. Katika sikukuu zao kuu, Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, kabla ya kuongoza sehemu kubwa ya ibada, hazani huanza nyuma kabisa ya ukumbi na kutembea polepole kuelekea mbele akiimba kwamba yeye ni maskini wa matendo, hastahili kuwaombea watu hawa, na kwamba wasiadhibiwe kwa dhambi zake. Watu 800 wanamsikiliza, wengine wamekuja siku hiyo tu katika mwaka mzima. Mtu anakiri hafai, kwa sauti inayotetemesha madirisha, kisha anaendelea na kazi.

Huyo mkurugenzi wa elimu ndiye anayesimamia shule ya Jumapili na masomo ya watu wazima, na kwa maoni yangu ndiye anayefanya kazi nzito kuliko wote kwa shukrani ndogo kuliko wote. Walimu wake ni wanafunzi wa vyuo, wastaafu, akina mama wenye kazi nyingine. Wachache wameisomea kazi hiyo hasa, katika taasisi kama Hebrew College iliyoko Newton, inayofundisha marabi, mahazani na walimu. Kila Septemba huanza kwa kutafuta walimu wawili waliompotea wakati wa kiangazi.

Mwaka mmoja bodi ilitaka kubana matumizi kwa kuunganisha madarasa mawili. Nilikuwepo kwa sababu birika la kahawa lilikuwa limeharibika. Mkurugenzi hakutoa hesabu za fedha, alifungua Talmudi, mkusanyo wao wa kale wa sheria na mijadala ya walimu. Akawasomea habari za Yehoshua ben Gamla, kuhani mkuu aliyeishi kabla ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, ambaye alikumbukwa kwa wema kwa sababu aliagiza kila mji uwekewe walimu na watoto waanze kusoma wakiwa na miaka sita au saba. Kabla yake mtoto asiye na baba hakusoma. Kisha akawasomea kiwango kilichowekwa hapo hapo: mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mjumbe mmoja, wakili, akavuta kitabu upande wake, akasema ukurasa huohuo unasema wakifika 40 mwalimu apewe msaidizi, hivyo kuunganisha si haramu, kinachotakiwa ni msaidizi. Basi! Bajeti ikasahauliwa. Kwa saa nzima walibishana watoto kati ya 25 na 40 wana hukumu gani, wengine wamesimama, mmoja amepanda hasira kabisa juu ya maandishi ya zaidi ya miaka 1,000. Mwisho madarasa yaliunganishwa na vijana wawili wa sekondari wakaajiriwa kusaidia kwa malipo ya saa. Sijui nani alishinda, ila hakuna aliyetoka mle akidhani elimu ni jambo la mtu mwingine.

Chumbani kwangu, kando ya mifagio, kuna boksi ambalo Maalim alinikabidhi wiki yangu ya kwanza. Vitabu vya sala vilivyochanika na karatasi yoyote yenye jina la Mungu kwa Kiebrania havitupwi. Huwekwa humo hadi vizikwe makaburini. Alikuwa amejiandaa kunieleza kwa kirefu. Nikamkatiza, nikamwambia kwetu ukurasa wa msahafu hautupwi jalalani, nimekuzwa hivyo. Kuanzia hapo hakunieleza tena mambo kama mgeni.

Ni boksi hilo lililomfanya mkurugenzi wa elimu aniombe niingie darasani. Aliwaonyesha watoto picha za karatasi kutoka hazina ya sinagogi ya Ben Ezra, Cairo ya kale, ambako maandishi yalirundikwa kwa karne nyingi hadi mwanazuoni Solomon Schechter alipoyahamishia Cambridge, Uingereza, kwa wingi mwaka 1897. Ndani yake mlikutwa barua za wafanyabiashara wa Aden na Bahari ya Hindi, bahari yetu, na pia kurasa za watoto wa shule: herufi kubwa za Kiebrania, zimepakwa rangi, za miaka karibu elfu moja iliyopita. Mtoto mmoja akauliza mwalimu wao alilipwa kiasi gani. Mkurugenzi akasema kidogo, na watu wazima tuliokuwa mle tukacheka kuliko watoto.

Siku hiyohiyo mwingine aliniuliza kama Afrika kuna Wayahudi. Nilichokijua ni lile jengo la Nairobi karibu na Chuo Kikuu, ambalo tulilipita kwenye matatu bila kuuliza. Mkurugenzi akawaeleza Abayudaya wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari na mtawala, aliifuata dini hiyo na watu wake mwaka 1919. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja msafiri aliyejulikana kwa jina la Yosef alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda na sikukuu, kisha akaenda zake. Idi Amin akapiga marufuku ibada zao. Wakabaki wachache, wakasali majumbani. Mtu wao wa kwanza kusomea urabi rasmi, Gershom Sizomu, alihitimu Los Angeles mwaka 2008 akarudi Mbale kufundisha. Nilipiga hesabu kichwani: karibu miaka 90 bila rabi wa kwao mwenyewe, wakifundishana baba kwa mwana. Nikarudi kwenye ndoo yangu nikiwaza kwamba yale niliyoyaona kwenye sala ya asubuhi hayakuwa mtindo wa Boston.

Nimeahidi kugusa siasa. Watu hudhani rabi husema atakalo. Rabi ni mwajiriwa. Bodi humwajiri, na mkataba ukiisha inaweza kutomwongezea. Tangu Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, kila hotuba yake ya Sabato imekuwa ikimletea barua za pande mbili: wanaosema amewasahau mateka na wanaosema amewasahau watoto wa Gaza. Mara nyingi hotuba ni ileile moja. Mimi nina msimamo wangu na ndugu zangu wanaujua, na rabi anaujua pia, kwa sababu aliniuliza ofisini kwake, mlango umefungwa, akanyamaza hadi nikamaliza. Hatukukubaliana kwa kila kitu. Hakuniambia nisiseme.

Mlangoni sasa kuna askari. Hilo lilianza baada ya Oktoba 2018, waumini 11 walipouawa kwa risasi wakiwa katika sinagogi huko Pittsburgh. Machi 2019 misikiti ya Christchurch, New Zealand, iliposhambuliwa na watu 51 wakafa, rabi na Maalim walinisindikiza Ijumaa hadi msikitini kwetu, wakakaa nje kwenye baridi hadi tulipotoka. Na mafunzo ya usalama marabi wanayapata kweli: Januari 2022 katika sinagogi huko Colleyville, Texas, rabi Charlie Cytron-Walker alimkaribisha mgeni na kumpikia chai, mgeni akatoa bastola akawashika mateka, na baada ya karibu saa 11 rabi huyo akamrushia kiti, yeye na wenzake waliobaki wakatoka mbio. Rabi wetu alituonyesha viti vipi ukumbini ni vyepesi. Sikujua kama nicheke.

Maalim alistaafu mwaka jana. Kamati ya kutafuta hazani mpya ipo, inakutana, inakunywa kahawa yangu. Wakati huohuo sala za Sabato zinaongozwa kwa zamu, na orodha imebandikwa kwenye mlango wa stoo yangu kwa kuwa ndio mlango ambao kila mtu anaupita: daktari wa meno, mwalimu wa hesabu, yule kijana wa korido ambaye sasa yuko chuo kikuu, wasichana wanne aliowafundisha alama moja moja. Imejaa hadi Pasaka. Juzi mwenyekiti wa kamati akaitazama, akauliza kwa sauti kama kweli kuna haja ya kuajiri mtu mwingine wakati mambo yanakwenda hivi. Rabi, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipaza. Akamwambia wote waliomo kwenye hiyo orodha walifundishwa na mtu mmoja, na kwamba kuna watoto 14 wanaotimiza miaka 13 mwakani ambao hadi leo hawajui alama hata moja.